Kamba Kabla ya Mkasi: Mkao wa Matawi ya Mzabibu na Jinsi ya Kuutumia

Chukua fimbo mbili za mzabibu zenye unene uleule na macho kumi kumi. Moja ifunge ikiwa imesimama wima, nyingine ilaze juu ya waya. Wiki tatu baadaye, ile iliyosimama itakuwa imechipua macho mawili au matatu ya juu, yenye nguvu kupita kiasi, na ya chini yatakuwa bado yamelala. Kwenye ile iliyolazwa, machipukizi yatakuwa yametawanyika kuanzia kitakoni hadi mwisho, mafupi kidogo lakini yanayolingana. Maji ni yaleyale, samadi ni ileile, udongo ni uleule. Kilichobadilika ni mkao tu.

Mwongozo huu ni kwa wenye mashamba ya zabibu Mpunguzi, Hombolo, Mvumi, Matumbulu, Bihawana, Chinangali na kwingineko Dodoma, ambako mzabibu hauoni baridi ya kutosha kuamsha macho yake yote kwa pamoja. Kwetu huku mkao wa tawi una uzito kuliko kwenye nchi za baridi, na kuurekebisha ni kazi ya gharama ndogo kuliko zote shambani. Hata hivyo wengi huanza na mkasi: tawi likienda mbio linakatwa, linachipua mengine manne, nayo yanakatwa, na msimu unaisha mti umejaa majani na vishada vya kuhesabu. Tawi linalokwenda mbio litafutie kamba kwanza.

Kinachotokea ndani ya tawi

Ncha ya chipukizi na majani yake machanga hutengeneza homoni iitwayo oksini. Oksini hushuka kuelekea mizizini, seli hadi seli, kwa mwendo wa kama sentimita moja kwa saa. Kila jicho la kwapani nalo, yaani lililo kwenye pembe kati ya jani na tawi, ili liamke, linahitaji kumimina oksini yake kwenye mkondo huohuo wa shina. Mkondo ukiwa umejaa oksini ya ncha, jicho halina pa kumimina, na linabaki limelala. Kenneth Thimann na Folke Skoog walilionyesha jambo hili mwanzoni mwa miaka ya 1930: ukikata ncha ya mharage, macho ya chini yanaamka, ukikata kisha ukaweka oksini kwenye kidonda, yanaendelea kulala.

Oksini haifanyi kazi peke yake. Sitokinini, inayotoka mizizini na pia kutengenezwa kwenye vifundo, huamsha macho. Strigolaktoni husaidia kuyazuia. Halafu kuna sukari: ncha inayokua kwa kasi huivuta kwake, na jicho lisilopata sukari haliamki hata kama homoni zimeruhusu. Ndiyo maana ukikata ncha, macho huanza kutikisika hata kabla oksini haijapungua kwenye shina lote. Sukari imeyafikia mapema.

Sasa laza tawi. Ndani ya shina kuna seli zenye chembe nzito za wanga. Chembe hizo hutua upande wa chini wa seli kama mchanga unavyotua kwenye chupa ya maji uliyoilaza, na zinafanya hivyo ndani ya dakika chache. Hapo milango ya oksini hugeukia upande wa chini, oksini hujikusanya tumboni mwa tawi, seli za tumboni hurefuka kuliko za mgongoni, na ncha inainuka. Kwenye mzizi oksini ileile huzuia seli kurefuka, kwa hiyo mzizi unainama kwenda chini.

Tawi likifungwa lisiweze kuinuka, mambo manne hufuata. Ncha hupunguza kasi. Ethilini, homoni ya hewa ambayo mmea huitoa unapokunjwa au kubanwa, huongezeka na kufupisha pingili. Jiberelini, homoni ya kurefusha, hupungua. Na macho ya mgongoni, yaliyo mbali na oksini iliyokusanyika tumboni, huamka kabla ya yale ya tumboni. Ukiangalia fimbo iliyolala utaliona hili kwa macho: machipukizi mazuri yamesimama mgongoni kama meno ya kitana.

Tawi likielekezwa chini kabisa, breki ni kali zaidi. Kwenye mzabibu, machipukizi yaliyofungwa kuelekea chini huunda mirija ya maji myembamba kuliko yaliyosimama, kwa hiyo maji yanayopita ni machache, pingili ni fupi na majani ni madogo. Hilo ni badiliko la mti wenyewe, halifutiki kwa kuongeza maji ya umwagiliaji wiki inayofuata.

Wima huongeza kasi, ulalo husambaza, kuning'inia hufunga breki. Mkao hauongezi nguvu ya mti hata kidogo, unahamisha nguvu iliyopo. Mzabibu uliokondeana kwa kiu au kwa kuliwa mizizi hautaponywa na kamba.

Jaribio la usiku mmoja, kabla hujagusa shamba

Ukiwa na vibarua au vijana wa kufundisha, fanya hili kwanza, maana anayeliona haoni tena kufunga kamba kama kazi ya kupoteza muda. Panda mbegu tano za alizeti kwenye kopo la maziwa lililotobolewa chini. Zikifika siku saba hadi kumi, mwagilia, kisha saa kumi na mbili jioni laza kopo ubavuni ndani ya chumba chenye giza totoro. Asubuhi miche itakuwa imejipinda na kutazama juu. Giza ni muhimu: bila giza mtu atasema miche imefuata mwanga. Humo hakukuwa na mwanga, kwa hiyo kilichoiongoza ni uzito wa chembe za wanga tu.

Vifaa

Kamba laini ya katani au vipande vya mpira wa tyubu ya baiskeli, upana wa sentimita moja na urefu wa sentimita 25. Tyubu ni bora kwa mashina machanga kwa sababu hutanuka. Waya wa kusuka nondo usiutumie kufungia tawi. Wengi huutumia kwa kuwa upo, na miezi mitatu baadaye umezama kwenye gome, sukari inayoshuka imezibwa, na juu ya fundo la waya kumevimba kama goti. Mkasi wa kupogolea uliosafishwa kwa spiriti, kisu kidogo chenye makali, kipimo cha utepe, na uzi mwekundu wa kuwekea alama.

Waya wa kulazia matawi uwe umekazwa. Waya uliolegea hushuka katikati ya nguzo mbili kwa uzito wa matawi, na hapo mikono yote inapata mteremko ambao hukuukusudia. Ukibonyeza waya katikati ya nguzo kwa kidole na ukashuka zaidi ya upana wa kiganja, ukaze kwanza.

Hatua ya 1: Mche mchanga usimame wima, na usiwe na haraka

Msimu wa kwanza kazi ni moja: kupata shina lililonyooka. Chagua chipukizi moja lenye nguvu, lifunge kwenye mambo, yaani kijiti cha kuegemeza mche, kila baada ya sentimita 20, na ondoa machipukizi ya kwapani yakiwa bado mafupi kama kidole. Hapa unautaka mkondo wa oksini ya ncha ukiwa umejaa, maana ndio unaolaza macho ya pembeni na kupeleka nguvu yote juu. Mche uliolegezwa ukainamia pembeni hutoa tawi jingine kwenye mgongo wa kupinda, na tawi hilo huupita mche wenyewe. Upepo wa mashariki wa Dodoma kati ya Juni na Oktoba husababisha hili kila siku, kwa hiyo mambo yawekwe upande unaotoka upepo na kukaguliwa kila wiki.

Ncha ikipita waya kwa sentimita 15, ikate kwenye pingili iliyo chini ya waya kwa upana wa vidole vitatu. Ndani ya wiki moja au mbili machipukizi mawili ya juu yataamka. Hayo ndiyo mikono yako, yaani matawi ya kudumu yatakayolala juu ya waya, moja kila upande wa shina.

Hatua ya 2: Kulaza mikono

Hapa ndipo wengi hukosea, na kosa lake hubaki shambani kwa miaka.

Chipukizi la mkono likifika sentimita 30, hamu ni kulilaza lote juu ya waya, pamoja na ncha. Ukifanya hivyo ncha inapunguza kasi, jicho la katikati linaamka na kusimama wima, na siku kumi baadaye una tawi lililosimama katikati ya mkono na mwisho wa mkono umedumaa. Badala yake, laza sehemu iliyokwisha kukomaa tu, na uiache ncha yenye urefu wa sentimita 20 hadi 30 ikiwa imeinuka nyuzi 45. Kila wiki laza sentimita nyingine kumi au kumi na tano, na ncha iendelee kuinuka. Ncha ishushwe siku mkono unapofikia urefu unaoutaka.

Kama miche yako ina nafasi ya mita 1.5, kila mkono uishie sentimita 70, ili ya jirani zisivukiane. Fimbo itakayokuwa mkono iwe na unene wa penseli angalau. Ikiwa nyembamba kuliko hapo, ikate ibaki na macho mawili na uanze upya msimu unaofuata. Inauma kupoteza msimu, lakini mkono mwembamba hubeba machipukizi mepesi miaka yote.

Hakikisha mkono umelala sawasawa kama uso wa maji yaliyotulia. Mwisho wake ukiwa juu kuliko kitako, hata kwa kiganja kimoja, macho ya mwisho yatakuwa mabwana na kitako kitabaki kipara. Ukiwa umepinda kama upinde, machipukizi ya juu ya upinde ndiyo yatakayotawala. Simama hatua kumi pembeni ya mstari, chuchumaa macho yako yawe usawa wa waya, na utaona kila mkono uliopanda au kushuka.

Hatua ya 3: Kukunja fimbo za matunda

Fimbo ni tawi la msimu uliopita lililokomaa, la rangi ya kahawia. Kabla ya kuamua utaacha macho mangapi, hesabu: kwenye miti kumi, angalia vishada vilitokea kwenye jicho la ngapi kutoka kitakoni. Kama aina yako inazaa kuanzia jicho la kwanza na la pili, pogoa fupi na ruka hatua hii. Kama vishada vinaanzia jicho la tatu na kuendelea, acha fimbo ya macho 8 hadi 12 na uikunje.

Kunja baada ya kupogoa, mti ukiwa umeanza kulia, yaani maji yanadondoka kwenye vidonda. Wakati huo fimbo ina maji na inapindika. Kwenye kiangazi kikavu, mwagilia siku mbili au tatu kabla. Fanya kazi hii mchana jua likiwa limepasha fimbo, si alfajiri.

Shika kitako cha fimbo kwa mkono wa kushoto, kidole gumba kikiwa chini ya mahali unapotaka ipinde. Mkono wa kulia ushike sentimita 15 mbele. Zungusha fimbo kidogo kama unayekamua nguo, huku ukiishusha polepole. Utasikia mlio mdogo wa gome likiachia. Huo hauna shida. Mlio mkavu wa kuni ukisikika, simama hapohapo, usirudishe fimbo nyuma. Fungia ilivyo kwa utepe wa tyubu, na kama imeshikana nusu ya unene wake itapona. Mara nyingi fimbo huvunjika kwa sababu imekunjwa pale inapoungana na mti mkuu. Kupinda kuanze kifundo cha pili au cha tatu, si kitakoni.

Sasa una njia mbili. Ya kwanza ni kuilaza moja kwa moja juu ya waya, kuizungusha mara moja, na kufunga mwisho wake. Kata mwisho huo katikati ya kifundo, si kwenye pingili: uvimbe wa kifundo huzuia kamba kuchomoka. Ya pili, ambayo ni nzuri zaidi kwa Dodoma ambako macho huamka kwa kupokezana, ni kuikunja kama upinde: ipande juu ya waya, kisha ncha ishuke chini ya waya kwa sentimita 20. Kwa mkao huo macho ya mwisho yamewekwa chini, hayawezi kujifanya wakubwa, na ya katikati na ya kitakoni yanapata zamu. Machipukizi ya kitakoni yakifika sentimita tano, ifungue na uilaze sawa na waya. Ukichelewa hadi yafike sentimita 15, utayavunja wakati wa kulaza, kwa kuwa kwenye umri huo hung'oka kwa kuguswa tu.

Wapo wanaotumia haidrojeni sayanamidi kuamsha macho. Kwa wanaoitumia: inaunguza ngozi na macho, glavu na miwani havina mjadala, na aliyeipulizia asinywe pombe siku hiyo wala siku kadhaa zinazofuata, kwa kuwa dawa hiyo huuzuia mwili kuvunja pombe na mtu huzidiwa vibaya. Katika mkoa wa mvinyo onyo hilo lisemwe kwa sauti. Mkao mzuri hauondoi kabisa haja ya dawa, lakini dawa kwenye fimbo iliyosimama wima bado itakupa macho ya juu kuliko ya chini.

Hatua ya 4: Machipukizi mabichi, dhaifu juu na yenye fujo chini

Machipukizi yakifika sentimita 15 hadi 20, pita ukipunguza: acha moja kwa kila ngumi moja ya mkono, kama sentimita 10. Yakifika sentimita 40, panga mikao, si kwa kuyapeleka yote juu kama askari, ila kwa kuyagawa.

Chipukizi dhaifu, jembamba, lililoachwa nyuma: lisimamishe wima na ulifunge. Ncha yake itaongeza kasi. La wastani lifuate waya wa juu kama kawaida. Lenye fujo, nene kama kidole cha mwisho, lenye pingili ndefu kuliko upana wa kiganja: lilaze, au lishushe upande wa pili wa waya. Ndani ya siku tano hadi saba utaona pingili mpya zinafupika. Baada ya wiki mbili au tatu mti umesawazika bila kidonda hata kimoja.

Kazi hii fanya alasiri. Asubuhi chipukizi limejaa maji na hukatika kama figili. Saa tisa mchana limelegea na linakubali kupinda. Kumbuka kuwa ncha uliyoishusha itageuka juu tena kama ndoano ndani ya siku moja au mbili. Ni zile chembe za wanga. Irudie kamba baada ya siku nne, sentimita 20 mbele ya kamba ya kwanza. Tawi likikomaa, mti wenyewe hutengeneza upande wa mgongoni mbao inayovuta, ikijaribu kuliinua; kamba ibaki wiki sita hadi nane ndipo mkao ushike.

Chipukizi likipita waya wa juu, liache lianguke lenyewe upande wa pili. Litajipunguza kasi. Ukilikata ncha umeondoa kiwanda cha oksini, na wiki moja baadaye makwapa yote matano ya juu yanachipua na kufunika vishada. Kata pale tu yanapofunga njia au kugusa ardhi, na acha majani 12 hadi 15 kwa kila chipukizi lenye kishada. Majani yanayoburuzika ardhini wakati wa mvua za Desemba hadi Aprili ni mlango wa ubwiri vinyoya, ugonjwa wa ukungu, na mbuzi wa jirani nao huanza na yaliyo chini.

Angalia jua pia. Dodoma ipo nyuzi sita hivi kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua hupita utosini mwanzoni mwa Machi na tena mapema Oktoba. Ukilaza matawi mengi upande wa mashariki, vishada vya upande wa magharibi vinabaki wazi kwa jua la saa nane hadi kumi na moja, na tunda linababuka: doa la kahawia, kisha mkunjo. Kwenye mistari ya kaskazini kwenda kusini, matawi unayoyashusha yaelekeze magharibi yawe mwavuli.

Hatua ya 5: Kutazama msimu ujao

Mwanzo wa kishada hauanzii siku jicho linapochipua. Unawekwa ndani ya jicho msimu unaotangulia, kuanzia kipindi cha kuchanua maua, tawi likiwa bado bichi. Kwenye mzabibu, kishada na kikamba cha kujishikizia hutokana na kiini kimoja: sitokinini ikitawala kinakuwa kishada, jiberelini ikitawala kinakuwa kikamba. Chipukizi linalokimbia wima kivulini, limejaa jiberelini, linatengeneza macho ya vikamba. Lenye kasi ya wastani, lililopata jua kwenye macho yake, linatengeneza macho ya vishada.

Kwa kuwa hapa mti hupogolewa mara mbili kwa mwaka, malipo yanakuja upesi. Tawi lililotulizwa kwenye msimu unaovunwa Agosti na Septemba, ndilo litakaloonyesha vishada kwenye zao la Februari na Machi. Na anayepulizia jiberelini ya dukani ili kukuza punje aelewe kuwa akiipuliza mapema au kwa wingi, anapunguza vishada vya mavuno yanayofuata.

Yanayoharibika na sababu zake

Mkono wenye pengo la sentimita 30 au zaidi: mara nyingi ncha ililazwa mapema au mwisho wa mkono ulikuwa juu. Kama kwenye pengo bado kuna jicho linaloonekana, kata mkwaruzo sentimita nusu juu yake, upande wa kuelekea ncha ya mkono, hadi ufike kwenye mbao, upana wa milimita moja au mbili na theluthi ya mzingo. Mkwaruzo huo unakatiza oksini inayoshuka, na jicho lililo nyuma yake linaamka. Ukiukata upande wa pili, kati ya jicho na shina, matokeo huwa kinyume. Fanya kabla macho hayajafura, na osha kisu kwa spiriti kila mti. Pasipokuwa na jicho, chukua chipukizi la jirani, lilaze lifunike pengo, nalo litakuwa mkono wa ziada.

Chipukizi nene limeota wima pale tawi lilipopindwa. Hilo ni jambo la kawaida kila penye mgongo wa kupinda. Ling'oe kwa mkono likiwa chini ya sentimita kumi, lisibaki kisiki. Likiwa mahali unapohitaji mkono mpya, liache. Yakitokea matatu au manne kwenye kila mti, nguvu ya mti imezidi nafasi uliyoipa: punguza samadi na urea, au acha macho mengi zaidi msimu ujao.

Gome la mgongoni limepasuka na kukauka. Fimbo iliyolazwa ilipigwa na jua la utosini kabla majani hayajaifunika. Paka chokaa iliyoyeyushwa kwenye maji upande wa juu wa mikono mara baada ya kupogoa, na angalia mchwa kwenye nyufa hizo.

Machipukizi yote yamedumaa baada ya kulazwa. Umeyashusha mengi mno kwa pamoja. Usizidishe theluthi moja ya machipukizi ya mti mmoja, na usishushe chochote ndani ya wiki mbili kabla na baada ya maua kama mti una kiu.

Kupima kama inafanya kazi kwako

Chagua machipukizi 12 ya urefu wa sentimita 30 kwenye miti inayofanana. Manne yasimamishe, manne yalaze, manne yashushe. Funga uzi mwekundu kwenye kifundo cha tano cha kila moja. Kila siku ya nne, kwa wiki tatu, andika urefu kutoka kwenye uzi hadi nchani, idadi ya pingili mpya, na idadi ya machipukizi ya kwapani yaliyozidi sentimita mbili. Gawanya urefu kwa idadi ya pingili. Tarakimu hiyo ndiyo ya kutazama, kwa maana idadi ya pingili hubadilika kidogo tu wakati urefu wa kila moja unapungua waziwazi kwenye zilizoshushwa. Kama hakuna tofauti, kagua kamba: karibu kila mara ncha zilikwisha kujiinua na hakuna aliyerudi kuzifunga.

Uzi usiutoe mavuno yakiisha. Wakati wa kupogoa unaofuata acha fimbo hizo 12 na macho manane kila moja, zote zilazwe sawa, na uhesabu vishada kwa kila fimbo kulingana na mkao iliyokuwa nao zamani.